Mradi Haukamiliki Mpaka Abiria Apande

Mwaka 2019 Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam ilianza kuchimbuliwa ili ijengwe awamu ya pili ya njia za mabasi yaendayo haraka, kutoka katikati ya jiji hadi Mbagala, kilometa 20.3. Wananchi walivumilia vumbi la kiangazi na matope ya masika. Wenye maduka kando ya barabara walivumilia wateja kupungua. Walivumilia kwa sababu waliambiwa, nao wakaamini, kwamba taabu ile ilikuwa na mwisho. Kufikia mwaka 2023 sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha. Zege lilikuwa limekauka, vituo vimeezekwa na taa zimesimikwa. Kilichokosekana kilikuwa basi. Abiria wa Mbagala hakupanda basi la mradi huo mpaka mwaka 2025.

Katika muda huo wa kungoja, mwalimu anayeishi Mbagala na kufundisha upande wa pili wa jiji aliendelea kuamka saa kumi alfajiri, akining'inia mlangoni mwa daladala, huku akipita kando ya kituo kipya kilichofungwa kwa minyororo. Karani wa wizara aliendelea kufika kazini amechoka kabla hajafungua jalada la kwanza. Mama mjamzito aliyekuwa akienda hospitali alisimama njia nzima. Watu hawa hawakuwa na habari kwamba ujenzi ulikuwa umefikia asilimia tisini na kitu. Kwao mradi ulikuwa bado haujaanza.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu ya leo. Sisi tunasema kwamba njia ya usafiri wa umma haikamiliki siku mkandarasi anapokabidhi funguo, wala siku utepe unapokatwa. Inakamilika siku mwananchi anapolipa nauli yake, akapanda, akafika. Kila hesabu ya maendeleo ya mradi inayoishia kabla ya siku hiyo ni hesabu ya kujiliwaza.

Baadhi ya wenzetu hupenda kuulaumu utekelezaji wa uwanjani kila mradi unapochelewa. Mkandarasi mvivu, mvua kubwa, mitambo mibovu. Mambo hayo yapo, na hatuyakatai. Lakini kumbukumbu za miradi yetu wenyewe zinatuonyesha kwamba muda mwingi zaidi unapotea mahali pasipo tope wala jua.

Tuitazame awamu ya kwanza ya mabasi hayo hayo. Wazo la kujenga njia maalumu za mabasi Dar es Salaam lilianza kushughulikiwa na uongozi wa jiji mwaka 2002. Wakala wa kuusimamia mradi uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa njia ya Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, ulianza mwaka 2012 na kukamilika mwezi Desemba 2015. Huduma ilianza Mei 2016. Msomaji na apige hesabu. Kutoka wazo hadi abiria ilipita miaka 14, na kati ya hiyo ujenzi wenyewe ulichukua pungufu ya miaka minne. Miaka kumi iliyobaki ilitumika katika upembuzi, usanifu, mazungumzo ya mkopo, fidia, zabuni, vikao, na kuandikiana barua.

Si haki kusema kwamba miaka hiyo yote ilipotea bure. Upembuzi yakinifu ni kazi, na mkopo wa Taifa haujadiliwi kwa siku moja. Lakini hakuna mtumishi mwaminifu atakayethubutu kusimama na kusema kwamba kila mwezi wa miaka hiyo kumi ulikuwa wa lazima. Na hata baada ya yote hayo, huduma ilianza kwa mabasi 140 badala ya 305 yaliyokusudiwa. Njia ilikuwa imesubiriwa miaka 14, na ilipopatikana mabasi hayakutosha. Foleni za abiria katika kituo cha Kimara zilikuwa matokeo ya jambo lililojulikana mapema.

Funzo hilo lilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Hata hivyo awamu ya pili ikaja na kulirudia kosa lile lile kwa ukubwa zaidi. Mara ya kwanza mabasi hayakutosha, na mara ya pili hayakuwapo kabisa. Mwanafunzi anayerudia kosa lile lile katika mtihani wa pili hawezi kumwambia mwalimu wake kwamba swali lilikuwa geni.

Reli ya kisasa nayo ina habari ya kutufundisha. Jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017, na mkataba ulitaka kazi ya kilometa 300, pamoja na njia za kupishania, imalizike katika miezi 30, yaani mwishoni mwa mwaka 2019. Treni ya kwanza ya abiria iliondoka Dar es Salaam tarehe 14 Juni 2024. Ulikuwapo ugonjwa wa Uviko uliovuruga biashara ya dunia nzima, na mvua kubwa, na mengine ambayo hayakuwa katika uwezo wetu. Lakini lipo pia jambo lililokuwa katika uwezo wetu. Mkataba mkubwa wa kununua vichwa 17 vya umeme na mabehewa 80 ya treni zinazojiendesha ulitiwa saini mwaka 2021, miaka minne baada ya jiwe la msingi, na baada ya tarehe ambayo reli yenyewe ilitakiwa iwe imekwisha kukabidhiwa. Kichwa cha treni ya umeme hakinunuliwi dukani. Huagizwa, huundwa, hujaribiwa kiwandani, husafirishwa kwa meli, kisha hujaribiwa tena hapa nyumbani. Anayeagiza treni baada ya reli kufika ni sawa na mkulima anayekwenda kutafuta mbegu wakati mvua imekwisha kunyesha.

Tunasema haya huku tukitambua, bila kinyongo, ukubwa wa kazi iliyofanyika. Reli ile leo inamfikisha msafiri Dodoma kwa muda ambao baba zetu wasingeusadiki, na huduma ya kufika Dodoma ilipozinduliwa rasmi Agosti 2024 Watanzania walikuwa na haki ya kujivunia. Lakini fahari haifuti somo. Kama reli ni njema kiasi hicho, basi kila mwaka tulioikosa ulikuwa hasara kubwa kiasi hicho hicho.

Walimu wetu watatusaidia hesabu moja nyepesi. Tuseme mtumishi mmoja anapoteza saa moja ya ziada asubuhi na saa moja jioni kwa sababu ya usafiri mbaya. Kwa siku tano za kazi hizo ni saa 10. Kwa majuma 48 ya mwaka ni saa 480, sawa na siku 60 za kazi za saa nane nane. Mradi ukichelewa miaka minne, mtu huyo mmoja amenyang'anywa siku 240. Hakuna hati ya madai itakayoandikwa kwa siku hizo, wala mkaguzi atakayezihoji, kwa maana hazimo katika kitabu chochote cha fedha. Zimo katika mwili wa mfanyakazi, katika daftari la mtoto ambalo halikusahihishwa, na katika mezani ambapo baba hakuwahi chakula cha jioni na wanawe.

Yupo atakayetujibu kwamba nchi maskini haina budi kwenda polepole. Sisi tuna jibu, nalo limelala juu ya ardhi yetu wenyewe, limenyooka kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mkataba wa kwanza wa kujenga Reli ya Uhuru, TAZARA, kati ya Tanzania, Zambia na China, ulitiwa saini Septemba 1967. Wakubwa wa fedha wa dunia walikuwa wamekwisha kusema kwamba reli hiyo haina faida. Uchunguzi wa ardhi na usanifu ukafanywa kwa miguu, msituni na milimani. Ujenzi ukaanza Oktoba 1970. Juni 1975 mataruma yakafika Kapiri Mposhi, na Julai 1976 reli yote, kilometa 1,860, ikakabidhiwa kwa wenyewe. Kati ya Mlimba na Makambako reli ilipita katika mahandaki na juu ya madaraja marefu, katika nchi ambayo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga.

Kazi hiyo haikufanywa kwa miujiza. Ilifanywa na maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina, na wengine hawakurudi makwao. Zaidi ya wataalamu 60 wa Kichina walipoteza maisha katika kazi ile, na makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, kwa kuwa Gongo la Mboto ndiko inakoelekezwa awamu ya tatu ya mabasi yaendayo haraka, kupitia Barabara ya Nyerere, mbele ya stesheni ya TAZARA yenyewe. Basi la awamu hiyo litapita karibu na mashahidi wa aina mbili, stesheni ya waliomaliza kabla ya muda na makaburi ya waliolipa gharama yake.

Siri ya TAZARA ilikuwa nini? Tukiweka kando moyo wa kujitolea, ambao hatuwezi kuuagiza kwa barua, iko siri moja ya kiutawala ambayo twaweza kuiiga kesho asubuhi. Mradi ule ulipangwa kama kitu kimoja. Reli, madaraja, stesheni, karakana, vichwa, mabehewa na mafunzo ya watu viliwekwa katika mpango mmoja. Wakati mataruma yalikuwa bado yanalazwa, vijana wapatao 200 wa Kitanzania na Kizambia walikuwa Beijing wakisomea kazi za reli. Hakuna aliyengoja reli ifike Kapiri Mposhi ndipo aulize nani ataendesha treni na treni yenyewe itatoka wapi.

Hatusemi kwamba haraka ni kila kitu. Wahenga waliotuambia kwamba haraka haraka haina baraka hawakuwa wajinga, na ushahidi wa maneno yao tunao pia. Desemba 2011 mafuriko makubwa ya Bonde la Msimbazi yaliua watu na kuwahamisha wengine wengi. Mwaka uliofuata ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza, na karakana ya mabasi ikawekwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile. Maji hufuata mkondo wake, hayasomi michoro ya wahandisi. Karakana imefurika mara nyingi, mabasi yameharibika, na huduma imesimamishwa mara kwa mara kila mvua inapozidi. Huko ndiko kukimbia bila kuangalia njia.

TAZARA yenyewe inatuonya kwa namna nyingine. Reli iliyojengwa kwa kasi ya ajabu ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika miaka yake ya mwanzo, lakini kufikia mwaka wa fedha 2014/15 ilikuwa ikibeba pungufu ya tani 100,000. Mataruma hayakukimbia, milima haikusogea. Palikosekana matunzo, vipuri, fedha za uendeshaji na uamuzi wa wakati. Kwa hiyo kasi tunayoidai si ya lipualipua. Tunataka mambo yanayokaa mezani yaondoke mezani, ili mambo yanayohitaji muda, kama uchunguzi wa ardhi na ubora wa zege, yapewe muda wake kamili.

Mambo hayo ya mezani yanajulikana. La kwanza ni fidia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imetamka kwamba mwananchi anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Mwananchi anapofanyiwa tathmini leo na kulipwa baada ya miaka, bei ya kiwanja alichokusudia kununua imekwisha kupanda. Ndipo anapogoma kuhama au kwenda mahakamani, naye ana haki. Kisha ofisi ile ile iliyomchelewesha inaandika katika taarifa kwamba mradi umekwamishwa na wananchi. Huko ni kumsingizia aliyeibiwa kwamba ndiye mwizi.

La pili ni mabomba ya maji, nguzo za umeme na nyaya za simu. Mkandarasi anafika, anachimba, anakuta bomba ambalo mwenye nalo hana bajeti ya kulihamisha mwaka huo. Mitambo inasimama, lakini gharama zake hazisimami. Taasisi zote hizo ni za umma, mwenye mali ni mmoja, na mara nyingi ofisi zake kuu ziko katika mji mmoja. Haieleweki kwa nini kuhamisha bomba kuchukue muda mrefu kuliko kujenga daraja.

La tatu ni malipo ya wakandarasi. Mwaka baada ya mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia hoja ya riba inayotozwa kwa sababu hati za malipo zimecheleweshwa. Riba hiyo haijengi hata mita moja ya barabara. Ni kodi ya mkulima wa pamba na mvuvi wa Ziwa inayolipia usingizi wa jalada.

La nne ni zabuni ya mabasi, treni na mwendeshaji. Zabuni hizi huanza zikiwa zimechelewa, hufutwa, hurudiwa, na kufutwa tena. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST vimefungua njia ya kupunguza muda huo na kuonyesha nani amekalia nini. Lakini chombo hakifanyi kazi ya moyo. Afisa aliyezoea kulaza jalada kwenye kabati anaweza kulilaza kwenye kompyuta vile vile.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, yote yakiwa katika uwezo wetu. Kwanza, kila mkataba wa njia ya usafiri wa umma utaje tarehe moja ya mwisho, nayo iwe tarehe ya abiria wa kwanza. Ununuzi wa mabasi au treni, uteuzi wa mwendeshaji, mafunzo ya madereva na mfumo wa tiketi vihesabiwe kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo, vikienda sambamba na ujenzi. Pili, mkandarasi asiitwe uwanjani kabla fidia haijalipwa na mabomba hayajahamishwa katika sehemu anayoanzia. Tatu, kila mradi uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na cheo, mwenye uwezo wa kuziita taasisi zote zinazohusika mezani na kutoka na uamuzi siku hiyo hiyo. Panapowajibika watu ishirini hawajibiki hata mmoja. Nne, ratiba ya kila mradi ibandikwe mahali wananchi wanapoiona, katika ofisi za kata na vituoni, ikionyesha kilichoahidiwa na kilichotimizwa. Tano, fedha za matunzo zitengwe siku ile ile fedha za ujenzi zinapotengwa.

Awamu ya tatu ya Gongo la Mboto na ile ya Tegeta ndizo zitakazotuonyesha kama tumejifunza. Wajumbe wa Bunge, wa Mabaraza ya Madiwani na wa vikao vya Chama wasitosheke kuuliza ujenzi umefikia asilimia ngapi. Wamwulize kila mhusika swali moja tu: mabasi yako wapi, na yatafika lini? Asiyekuwa na jibu lenye tarehe hana mpango. Ilani ya Chama iliahidi usafiri, haikuahidi zege, na ahadi ni deni.

Kwa watumishi wenzetu wa Serikali tuna neno la kindugu. Tunajua kwamba wengi wenu mnafanya kazi kwa bidii, na kwamba baadhi yenu mnaogopa kuamua kwa sababu aliyeamua huhojiwa, ilhali aliyekaa kimya hapati barua ya karipio. Hali hiyo hapana budi ibadilishwe na walio juu, na tunawataka waibadilishe. Lakini hata leo, kabla haijabadilika, kila mmoja wenu anajua jalada gani liko mezani kwake ambalo lingeweza kuondoka kabla ya saa tisa na nusu. Juu ya jalada hilo haikuandikwa kwamba ndani yake yumo mwalimu wa Mbagala anayeamka saa kumi alfajiri. Lakini yumo.

Na kwa walimu tunasema, wafundisheni watoto kwamba muda wa umma ni mali ya umma, kama vile dawati na dirisha la darasa. Mtoto anayeelewa kwamba kumchelewesha mwenzake ni kumwibia atakapokuwa mhandisi, mhasibu au katibu mkuu hatahitaji kuandikiwa tahariri kama hii.

Mwalimu Nyerere alituambia zamani kwamba wenzetu wanapotembea, sisi hatuna budi kukimbia. Hakusema tukimbie tukiwa tumefumba macho, wala hakusema tukimbie uwanjani huku ofisini tumekaa. Tukimbie pamoja, mwenye koleo na mwenye kalamu, na tusihesabu kwamba tumefika mpaka mwananchi awe amefika.